Zima Gari, Litawaka Tena: Namna ya Kupunguza Moshi wa Ralanti, Kutoka kwa Fundi Umeme wa Goma

Shofa wa taksi-basi akifika kwangu, mara nyingi hashuki. Anasimama mlangoni pa uwanja, injini inanguruma, anateremsha kioo na kuniita: "Fundi, njoo uone hii taa ya batri!" Nikimwambia azime kwanza, anatikisa kichwa. "Nikizima haitawaka tena, mukubwa. Nimetoka nayo Ndosho hivi hivi." Tukiwa bado tunabishana, moshi umeshajaza uwanja wote, na mama jirani anayekaanga samaki ameshafunika kikaango chake kwa sinia.

Mimi ni fundi umeme wa magari, upande wa Birere. Sakafu ya uwanja wangu ni lava ya Januari 2002, ile iliyokata mji katikati mpaka ikaingia ziwani. Tuliisawazisha kwa nyundo, na juu yake ndipo tunapofanyia kazi. Watu huniletea demarere (ile mota ndogo inayozungusha injini iwake), alterneta (ile inayochaji batri injini ikiwaka), taa na honi. Nimesikia sababu nyingi za kuacha gari kwenye ralanti, yaani limesimama na injini inawaka, na nikizifuata moja moja naona nyingi zinarudi kwenye ile ya shofa wa Ndosho: woga kwamba likizimwa litakataa. Gari lenye umeme mbovu halizimwi, na gari lisilozimwa linafukiza watu kutwa nzima. Ndiyo sababu mimi sianzi kwa kumwambia mtu habari za hewa. Naanza na batri yake. Ila kabla ya batri niseme juu ya moshi wenyewe, maana hapa Goma kuna jambo linalotuchanganya, na linaweza kuua.

Mazuku ni kitu kingine, moshi wa gari ni kitu kingine

Kila mtoto wa Goma anajua mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, hasa upande wa Himbi, Keshero, Bulengo na kuelekea Sake, ikajikusanya kwenye mabonde na mashimo. Mbuzi akiteremka humo hapandi tena. Hewa hiyo ni kaboni dayoksidi, ile ile tunayoitoa puani, ila pale ni nyingi kupita kiasi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama chini kama maji. Tumelelewa kuikwepa: hatumlazi mtoto shimoni, hatuteremki bondeni alfajiri wakati hakuna upepo.

Kwa mazoea hayo, wengi wanadhani moshi wa gari nao utabaki chini, na kwamba aliyesimama, au aliyekaa juu ya kiti ndani ya gari, yuko salama. Hayuko salama. Ndani ya moshi huo mna hewa nyingine, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo inajichanganya na chumba kizima, chini na juu. Ikishaingia mwilini inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na inaishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka huku haina cha kubeba.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Nilipokuwa bado najifunza kazi, garaji tuliyokuwa tukifanyia ilikuwa na banda la mabati lenye mlango mmoja. Siku moja mvua kubwa ilishuka, tukaingiza jipu ya esanse (petroli) ndani, tukarudishia mlango maji yasiingie, tukaiacha iwake ili ichaji batri. Tulikuwa vijana watatu. Kichwa kikaanza kunibana hapa juu ya macho, kama kamba inayokazwa polepole. Nikadhani ni njaa. Mwenzangu mmoja akatapika. Nilipoinuka kuchukua spana, magoti yakakataa, nikakaa chini tena na sikuona ajabu yoyote kwamba nimekaa chini. Aliyetuokoa ni dada aliyekuwa akituuzia chai. Alisukuma mlango, akatuona tumelegea, akaanza kupiga kelele: "Mazuku! Mazuku!" Majirani wakatuburuta nje kwenye mvua. Hakukuwa na mazuku pale. Ilikuwa ralanti ya jipu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, ambayo kwangu haijadiliwi: injini isiwake ndani ya banda, garaji, au mahali popote palipofunikwa, hata kama mlango uko wazi nusu, hata kwa dakika tano. Usilale ndani ya gari linalowaka. Mvua ikinyesha, vioo vimefungwa, na bomba la moshi limetoboka (mawe ya barabara zetu hutoboa mabomba kila siku), moshi unapanda ndani kupitia matundu ya sakafu na wewe hunusi kitu. Gurupu la umeme, yaani jenereta, nalo ni hivyo hivyo: liwe nje, mbali na dirisha la mtu yeyote. Ukiona mtu anaumwa kichwa, ana kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na karibu kuna injini inayowaka, mtoe kwanza kwenye hewa safi. Halafu mpeleke hospitali, hata akikuambia amepona.

Tena kuna masizi, yale meusi ya mazuti, yaani dizeli. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko maikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa mtu una unene wa maikromita 50 na zaidi. Pua haiwezi kuzizuia. Zinateremka mpaka mwisho wa mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Najua hapa kwetu kuna moshi mwingine mwingi: makala (mkaa) jikoni, vumbi la lava barabarani, na mlima wenyewe unaofuka juu ya vichwa vyetu. Nyiragongo hatuna uwezo nayo. Ufunguo wa gari uko mkononi mwetu.

Anza na batri

Tafuta multimita, kile kipimo cha umeme. Ile ndogo ya sokoni inatosha, na kama huna, fundi yeyote wa umeme atakupimia.

Pima asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa limelala usiku kucha. Weka ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ikisoma volti 12.6 au zaidi kidogo, batri imejaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12, batri iko karibu tupu, na ukiiacha siku nyingi katika hali hiyo itaharibika moja kwa moja. Sasa mwambie mtu awashe huku wewe macho yako kwenye namba. Demarere inapofanya kazi namba lazima ishuke, lakini isiende chini ya 9.6. Ikienda chini ya hapo, ama batri imechoka, ama demarere lenyewe linakula umeme kuliko inavyopaswa. Gari likishawaka, namba ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, alterneta haichaji.

Hapo kuna kosa ambalo nakutana nalo kila wiki. Mtu ana batri dhaifu, anaacha gari liwake saa nzima mbele ya nyumba "ili batri ijae". Alterneta isiyochaji haitachaji hata ukikesha. Na alterneta nzima nayo, injini ikiwa kwenye ralanti, hutoa umeme kidogo tu kulinganisha na unaotoka ukiwa njiani. Ile saa moja ni esanse uliyowapulizia majirani.

Usikimbilie kununua batri mpya kabla ya kusafisha vichwa vyake. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ukiona unga mweupe wenye ukijani umefunika vichwa, hiyo ni kazi ya asidi, na ndiyo inayozuia umeme kupita. Hakikisha vifuniko vya maji ya batri vimefungwa, yeyusha kijiko cha bikaboneti ya soda kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina polepole juu ya unga. Utachemka na kutoa povu. Sugua kwa brashi ngumu au msasa mpaka risasi ing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza kisha hasi, kaza vizuri, halafu paka grisi juu. Usivute sigara karibu na kazi hiyo. Batri hutoa hewa inayoshika moto. Kama batri yako ni ya kuongeza maji, weka maji yaliyotayarishwa kwa ajili ya batri. Usiweke ya mvua uliyokinga kwenye mabati: mvua yetu imepita kwenye moshi wa volkano kabla ya kukufikia.

Yule shofa wa Ndosho, batri yake ilikuwa nzima. Niliufuata waya wa masi, ule unaotoka kwenye hasi ya batri kwenda kwenye bodi, nikakuta bolti yake inazunguka kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na kutu ya rangi ya chungwa iliyochanganyika na vumbi jeusi, vimegandamana kama kahawa iliyolowa. Huo ndio ugonjwa wa magari ya Goma. Barabara inayatikisa mchana kutwa, bolti zinalegea, vumbi la lava linaingia, mvua inalilowesha. Nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikabadilisha bolti, nikakaza, nikapaka grisi. Nikamwambia azime. Alishika ufunguo kitambo, akaniangalia, akazima. Akawasha, gari likaitika hapo hapo. Akazima tena akawasha tena, mara nne, mimi nimeshaondoka kunawa mikono.

Kuna waya mwingine wa masi kati ya injini na bodi. Watu huusahau, na ndio mara nyingi unaofanya demarere lizunguke kizembe. Ukishahakikisha waya zote mbili na batri, ndipo ulitazame demarere lenyewe. Likigonga "tak" moja bila kuzunguka, mara nyingi ni vile vipande vya kaboni vya ndani vimekwisha. Kuvibadilisha ni kazi ya saa chache, na gharama yake iko mbali na ya demarere zima.

Magari ya mazuti yana jambo lao la ziada: buji za joto, zile zinazopasha vyumba vya injini kabla ya kuwasha. Zikifa mbili kati ya nne, asubuhi ya baridi gari linawaka kwa kutetemeka na kutoa wingu jeupe, na shofa analiacha linguruma nusu saa "lipate joto". Zipimwe moja moja. Iliyokufa itolewe, iwekwe nyingine, na asubuhi yako itabadilika.

Hesabu mpaka thelathini

Umeme ukishakuwa sawa, sababu ya woga imekwisha, na sasa tunaweza kuzungumza juu ya kuzima.

Injini ya siku hizi ikiwa ya moto hutumia mafuta kidogo sana kuwaka tena, pungufu ya yale inayochoma kwa sekunde 10 za ralanti. Kwa hiyo kwa hesabu ya mafuta peke yake, kusimama zaidi ya sekunde 10 ni hasara. Mimi huwaambia wateja wangu wahesabu mpaka 30, kwa sababu magari yetu mengi yalifika hapa yakiwa na umri, na sitaki demarere lipigwe kila gari la mbele linaposita. Ukiona foleni ya Rond-point Signers imekwama kabisa, au uko kwenye mstari wa Grande Barrière, mpakani na Rwanda, na watu wameanza kushuka kununua karanga, hesabu 30. Kama mbele hakuna kilichosogea, zima.

Namna ya kuzima ni hii: simamisha gari kabisa, vuta breki ya mkono, toa gia, ndipo uzungushe ufunguo. Usizime gari linalotambaa, na usiteremke mteremko injini imezimwa ili kubana esanse. Injini ikizimwa, usukani unakuwa mzito, na breki ukizikanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu kama jiwe. Foleni inayosogea hatua mbili mbili iache iende. Kuzima na kuwasha kila dakika humo hakukusaidii.

Wenye turbo wana haki ya kungoja kidogo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa moto, na inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Inategemea oili ya injini kupoa. Kama umetoka kupanda milima ya Masisi umebeba viazi, ukafika na kuzima mara moja, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa kaa. Ngoja dakika moja, au mbili. Lakini ukiwa umetembea kilomita za mwisho polepole mjini, turbo imeshapoa njiani, na dakika kumi za kungoja ambazo mashofa wengine wanazisema sijaona kitabu chochote cha gari kinachoziomba.

Asubuhi nayo ina kipimo chake. Washa, subiri taa ya oili izimike, ipe kama sekunde 30, ondoka bila kukanyaga sana mpaka mshale wa joto uanze kupanda. Injini hupata joto upesi zaidi ikitembea kuliko ikisimama. Gari au pikipiki ya kabureta inaweza kuomba dakika moja hivi, na ukivuta choki usisahau kuirudisha; nimeona motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akitoka Majengo mpaka mjini na choki iko juu, moshi mweusi nyuma yake kama treni.

Tukiwa kwenye kabureta: Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta iliyowekwa kwa hewa ya pwani, hapa inamwaga esanse kupita hewa iliyopo, na ile inayobaki inatoka ikiwa masizi na kaboni monoksidi. Mwambie fundi aiweke sawa hapa hapa. Filta ya hewa nayo ikijaa vumbi huleta balaa lile lile. Ipulizie kutoka ndani kwenda nje, siyo kinyume, maana ukipuliza kutoka nje unazidi kulisukuma vumbi ndani ya karatasi. Rangi ya moshi itakuambia uanzie wapi: mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani, au kwenye mazuti, mafuta yasiyoungua.

Motari, wewe huhitaji hata batri. Una kiki. Ukisimama kungoja mteja, zima.

Kwenye kituo cha taksi-basi

Hapa sababu siyo woga tena. Shofa anaacha gari liwake, tena anakanyaga-kanyaga mafuta, ili abiria waamini kwamba linaondoka sasa hivi. Na abiria wanaamini. Nimesimama nikaona mama mwenye mzigo akiruka gari lililozimwa lenye nafasi mbili tu, akaenda kupanda linalonguruma ambalo lilikuwa halina hata watu watano. Kwa hiyo kumwambia shofa mmoja azime peke yake ni kumnyima chakula.

Lazima wazime wote. Mashofa wachache walio wateja wangu walilijaribu hivi kwenye mstari wao: magari yanapangwa kwa zamu, yote yamezimwa, na anayewasha ni wa kwanza tu, tena pale kiti cha mwisho kinapojaa. Konvoyeri (utingo) anagonga bodi mara mbili, shofa anawasha, wanaenda. Abiria walizoea mapema kuliko tulivyotarajia, kwa sababu sasa injini ikiwaka ni kweli gari linaondoka. Wiki ya kwanza ilikuwa na ugomvi, siwezi kuficha. Mgeni wa mstari alikuja akinguruma, akachukua watu wa wengine. Mkuu wa kituo ilibidi asimame mwenyewe kila asubuhi, na bila yeye jambo lingekufa.

Hesabu iliyowashawishi ni hii. Gari dogo la esanse likisimama linawaka hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini. Ukingoja abiria saa 2 kwa siku, siku 6, hizo ni lita 6 mpaka 12 kwa wiki, na hujatembea hata mita. Hesabu kwa bei ya siku hiyo, iwe ya kituo cha mafuta au ya makadafi, wale wauza mafuta wa kando ya njia. Ongeza na hili: kwenye ralanti ya muda mrefu mafuta hayaungui vizuri. Buji zinashika kaa, na kwenye mazuti mafuta mabichi yanateremka ukutani mwa silinda mpaka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, injini inasagika. Shofa mwenye gari la tajiri anaweza asijali hayo. Tajiri wake atajali, mwambie yeye.

Mbele ya shule

Binti yangu yuko darasa la pili. Nikienda kumchukua naona majipu yamejipanga kando ya ukuta wa shule, yanawaka, vioo vimepandishwa, shofa ndani anaongea kwenye simu. Bomba la moshi la jipu liko usawa wa goti langu. Binti yangu akipita nyuma yake, liko usawa wa paja lake, na akiinama kuokota kalamu, liko usawa wa uso.

Siku moja nilichukua kipande cha shuka nyeupe, nikakifunga kwenye mti kama bendera. Nikamwendea shofa mmoja wa jipu ya mazuti ninayefahamiana naye, nikamwomba ruhusa, nikakishika umbali wa shubiri moja kutoka kwenye bomba kwa dakika moja. Usikishike kwa mkono mtupu, moshi ni wa moto. Nilipokitoa kilikuwa na duara la kijivu lenye kitovu cheusi, na ukipitisha kidole, kidole kinatoka na weusi unaoteleza kama mafuta. Mama anayeuza mandazi pale getini alikuja kuangalia. Alikigusa, akanusa kidole, halafu akarudi akahamisha beseni lake upande wa pili wa geti bila kusema neno. Yule shofa alizima. Kesho yake alizima tena kabla sijafika.

Tangu hapo nimejifunza namna ya kuliomba jambo hili. Usimgongee mtu kioo kwa hasira, na usimwambie mbele ya tajiri wake. Msalimie kwanza. "Papa shofa, habari ya kazi. Samahani, watoto wanatoka sasa hivi, unaweza kutuzimia kidogo?" Wengi wanazima. Anayekataa, muulize kama gari lina tatizo la kuwaka. Mara nyingi utakuta ndilo, na hapo unarudi kwenye habari ya batri. Walinzi wa geti wakiombwa na mkuu wa shule kusema neno hilo kila siku, linakuwa desturi ya mahali na siyo ugomvi wa mzazi mmoja.

Mashofa wa mashirika huniambia kwamba kwao ni suala la usalama, gari lazima liwe tayari kuondoka muda wowote. Nawaelewa, mji wetu umeona mambo. Lakini gari tayari ni lile lililoegeshwa likiangalia njia ya kutokea, lenye mafuta, lenye batri inayosoma 12.6. Hilo linawaka kwa sekunde 2. Gari linaloachwa liwake saa tatu kwa sababu demarere lake ni bovu ndilo litakalomwangusha shofa siku ya haja, likizimika lenyewe.

Kama unawasha kwa ajili ya kuchaji simu, simu huchajiwa bila injini, geuza ufunguo hatua ya kwanza tu. Kama ni joto, fungua vioo, egesha kivulini; Goma siyo Kindu kwenye joto kali.

Malori

Lori kubwa likisimama linawaka linaweza kunywa karibu lita 3 kwa saa, na mashofa wa malori wakiniambia kwa nini hawazimi, jibu ni breki za upepo: "Nikizima, upepo unakwisha." Hapo tumerudi kwenye ugonjwa ule ule wa batri kwa sura nyingine. Lori lisilo na ubovu, likizimwa, halipotezi upepo wake wakati dereva anakula. Likipoteza, linavuja, na lori linalovuja upepo halifai kuteremka mlima hata kama linawaka.

Jaza upepo mpaka mshale usimame, weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini. Subiri kelele ya mji ipungue, asubuhi mapema ni nzuri, na usikilize chini ya lori. Mshale ukishuka huku unauangalia, chukua maji ya sabuni kwenye chupa, anzia kwenye matenki, fuata kila kiungo cha bomba mpaka kwenye magurudumu ya nyuma, ukimwagia kidogo kidogo. Penye povu linalokua ndipo panapovuja. Mara nyingi ni kiungo kilicholegea kwa mtikisiko, au bomba la plastiki lililosuguana na chasisi. Likishazibwa, toa maji yaliyojikusanya chini ya matenki kwa kuvuta kile kikamba cha vali, jaza tena upepo, zima, weka alama kwenye kioo cha kipimo kwa kalamu pale mshale ulipo, uende ukanywe chai. Ukirudi, angalia mshale uko wapi na alama iko wapi.